Silverdome: Uwanja wa umma ulionadiwa kwa bei ya nyumba

SERIKALI ya mji inapolemewa na madeni, uwanja wa michezo huwa miongoni mwa mali za kwanza kutupiwa jicho. Ni mali kubwa, na gharama ya kuitunza haikomi hata wakati ambapo hakuna mchezo.

Hata hivyo, kuuza kwa pupa hakuondoi deni. Hayo yalidhihirika katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, uliouza uwanja wake wa Silverdome mnamo 2009.

Uwanja huo ulifunguliwa 1975 baada ya kugharimu dola milioni 55.7 za umma. Uliweza kubeba mashabiki wapatao 80,000, idadi inayoushinda hata uwanja wa Kasarani jijini Nairobi. Paa lake lilikuwa la kitambaa maalumu kilichoshikiliwa juu kwa nguvu za hewa.

Detroit Lions, timu ya kandanda ya Kimarekani, ndiyo iliyokuwa mpangaji mkuu. Mnamo 1994, mechi nne za Kombe la Dunia zilisakatwa humo, zikawa za kwanza katika historia ya kipute hicho kuchezewa chini ya paa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ndio waliootesha nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya mechi hizo.

Mpangaji ahama

Masaibu yalianza Lions walipocheza msimu wao wa mwisho uwanjani humo mwaka 2001, kisha wakahamia uwanja mpya wa Ford Field jijini Detroit mwaka 2002. Mji ukabaki na jengo lisilo na mpangaji, lililohitaji takriban dola milioni 1.5 kila mwaka kwa matunzo.

Wakati huo huo, viwanda vya magari, vilivyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Pontiac, vilikuwa vikidorora. Kampuni ya General Motors iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2009, na mwaka uo huo ikafunga kiwanda chake cha malori mjini humo.

Jimbo lilikuwa tayari limemteua Fred Leeb kuwa msimamizi wa dharura wa fedha za mji. Novemba 2009, uwanja huo pamoja na ardhi yake ya ekari 127 ulinadiwa kwa dola 583,000 pekee.

Mnunuzi alikuwa Andreas Apostolopoulos, mwekezaji wa Toronto, Kanada. Bei hiyo ilikuwa karibu asilimia moja ya gharama ya ujenzi, na haikufikia hata nusu ya matunzo ya mwaka mmoja.

Faida na hasara

Waliotetea mauzo hayo walikuwa na hoja nzito: mji ungeutua mzigo wa matunzo, na ardhi isiyotozwa kodi ingeanza kulipiwa.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mnunuzi humtambua muuzaji aliyebanwa. Pontiac uliuza wakati ambapo mikopo ilikuwa adimu na thamani ya ardhi imeporomoka.

Isitoshe, deni halikuisha. Mwaka 2011 kazi ya polisi wa mji ilikabidhiwa idara ya sherifu wa kaunti ya Oakland, na mwaka uliofuata huduma za zimamoto zikakabidhiwa mji jirani wa Waterford.

Uwanja wenyewe ulifufuka kwa muda mfupi. AC Milan na Panathinaikos walimenyana humo Agosti 2010, lakini kufikia 2013 paa lilikuwa limeanguka na kuraruka. Desemba 2017, baada ya baruti za kwanza kushindwa kuuangusha, uliporomoshwa siku iliyofuata. Baadaye kampuni ya Amazon ilijenga ghala lake mahali hapo.

Funzo kwa miji mingine ni kwamba swali la kumtafutia uwanja mpangaji mwingine huulizwa siku mpangaji anapoaga. Pontiac ulipolijibu, miaka saba ilikuwa imepita na mji haukuwa tena na nguvu ya kukataa bei yoyote.