Mguno Ndani ya Neno: Asili na Matumizi ya "Disgruntled"

Kivumishi cha Kiingereza "disgruntled" humweleza mtu asiyeridhika, hasa yule mwenye kinyongo kwa kuwa aona hakutendewa haki. Mara nyingi huandamana na nomino zilezile: mfanyakazi, mteja, askari, mwanachama. Wanafunzi wengi, wakiona kiambishi "dis-", hudhani kuwa ni ukanushi, kama ulivyo katika "dishonest", yaani asiye mwaminifu. Historia ya neno yaonyesha vingine.

Kitenzi "disgruntle" chapatikana katika maandishi tangu mwaka 1682. Shina lake ni "gruntle", lililotokana na "grunt", neno linaloiga mlio wa nguruwe. Kiambishi tamati "-le" kiliashiria tendo lenye kurudiwarudiwa, kama katika "sparkle", yaani kumetameta. Hivyo "gruntle" ilikuwa kugunaguna, na baadaye kunung'unika. Nacho "dis-" hakikukanusha, bali kilitia mkazo. Mkazo huo uliposahauliwa, wasemaji walikiona kiambishi kuwa cha ukanushi. Na katika karne ya 20 likazuka "gruntled" kwa maana ya "aliyeridhika". Mwandishi P. G. Wodehouse alilitumia kwa mzaha katika riwaya yake The Code of the Woosters ya mwaka 1938.

Kiingereza si peke yake katika njia hii. Neno la Kifaransa "grogne", ambalo magazeti hulitumia kutaja malalamiko ya wafanyakazi, latokana na "grogner", nalo lina asili katika Kilatini "grunnire": mlio wa nguruwe tena. Kiswahili nacho kina "guna", kitenzi kinachotaja kwanza sauti ya kooni, kisha kutoridhika kwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jukumu la mfasiri. "Asiyeridhika" huacha nafasi ya kuuliza: haridhiki na nini? Lakini neno lililozaliwa na mguno hutaja sauti na kuiacha hoja. Mwalimu anayedai mshahara wa miezi sita, akiitwa mnung'unikaji, dai lake limekwisha kupunguzwa kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo, akikutana na "disgruntled", mfasiri atazame kwanza habari yenyewe: kama mtu huyo ana dai linalojulikana, aitwe mdai, kama sababu haikutajwa, aitwe asiyeridhika, na "mnung'unikaji" litumike pale tu ambapo mwandishi wa asili alikusudia kumdunisha.