Batri ya lithiamu kwenye pikipiki na baiskeli za umeme: namna ya kuitunza isiharibike wala isiwake moto

Jimbo la Tanganyika linajulikana duniani juu ya lithiamu ya Manono, moja ya akiba kubwa za madini hayo. Lakini lithiamu ambayo watu wa Kalemie wanaishika mkononi inakuja kutoka ng'ambo, ikiwa imeshafungwa ndani ya batri: batri ya simu, ya taa, ya sola, na pia ya pikipiki, baiskeli na viti vya umeme vya watu walemavu.

Katika nchi jirani pikipiki za umeme zimeshazoeleka. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019. Pale motari hachaji nyumbani. Anafika kwenye kituo, anaacha batri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na wafanyakazi wa kituo ndio wanaojua kuichaji na kuipima. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayoandikishwa kwa kazi ya taksi Kigali lazima iwe ya umeme. Nairobi na Kampala pia mfumo wa kubadilisha batri unatumika.

Mtu asiye na kituo kama hicho karibu anabaki yeye mwenyewe mlinzi wa batri yake. Anaichaji sebuleni, mara nyingi usiku, pale umeme unaporudi na watu wa nyumba wamelala. Hatari inaanzia hapo. Katika jiji la New York, Marekani, mwaka 2023 batri za lithiamu zilileta visa 268 vya moto na watu 18 walikufa. Mwaka huohuo jiji lilikataza kuuza baiskeli za umeme na batri ambazo hazikupimwa usalama.

Batri inaharibika namna gani?

Batri ya pikipiki si kitu kimoja. Ndani yake kuna seli nyingi ndogo zilizounganishwa, pamoja na kadi ya kielektroniki inayozilinda, ambayo mafundi wanaiita BMS. Kadi hiyo inakata umeme seli ikijaa kupita kiasi, ikiisha kupita kiasi au ikipata moto sana.

Seli ikiumia ndani, sehemu zake mbili zinagusana na joto linapanda. Joto likipita kiwango fulani, seli inajipasha yenyewe, inawaka na kuwasha ya pembeni yake. Moto huo ni mgumu kuzimika, kwa sababu batri nyingi za aina hii zinatoa oksijeni zenyewe zikiungua.

Mara nyingi seli haziumii kwa siku moja. Zinaumizwa polepole na mambo matano: chaja isiyofaa, joto, maji, kukaa tupu muda mrefu, na matengenezo mabaya.

1. Chaja

Chaja mbili zinaweza kuwa na kichwa kimoja na zote zimeandikwa volti 48, na bado moja ikaua batri. Batri ya volti 48 yenye seli 13 za aina ya kobalti inajaa kwenye volti 54.6. Ile ya aina ya chuma na fosfati (LFP), yenye seli 16, inajaa kwenye volti 58.4. Chaja ya batri za zamani za risasi nayo inaweza kupita volti 57. Ukiweka chaja ya 58.4 kwenye batri ya 54.6, kila seli inasukumwa karibu na volti 4.5 wakati mwisho wake ni 4.2. Kitu pekee kinachobaki kuizuia ni ile kadi. Kama kadi ni ya bei rahisi au imeshakufa, hakuna tena ulinzi.

Kwa hiyo mbele ya kununua chaja nyingine, soma kibandiko cha batri na cha chaja. Volti inayotoka kwenye chaja inafaa kuwa sawa kabisa na volti ya kujaa ya batri. Chaja ikipotea, tafuta ya namba ileile. Kuazima ya jirani kwa sababu inaingia kwenye tundu ni kosa kubwa.

Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kukatika kwake kila mtu anakujua. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo uchomeke tena. Mwenye uwezo atumie kifaa cha kutuliza volti.

2. Joto na fasi ya kuchajia

Nyuma ya safari ndefu juani batri iko na joto. Iache ipoe kivulini, hata nusu saa au zaidi, ndipo uichaji. Batri nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikipita digrii 45. Usiifunike na nguo, usiiweke juu ya godoro, na usiiache chini ya bati la moto.

Fasi nzuri ni sakafu ya sementi, mbali na mapazia, makaa, petroli na mafuta ya taa. Kanuni moja inapita zote: usichaji kwenye mlango wala kwenye njia ya kutokea. Nyumba mingi ziko na mlango mmoja tu. Batri ikiwaka pale, watu wa ndani hawatoki. Chaji wakati mtu yuko macho, na uchomoe ikijaa.

3. Maji

Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika sehemu za Kalemie. Batri iliyozama isichajiwe tena, hata kama imekauka nje na pikipiki inatembea. Maji yanabaki ndani, yanakula viunganishi na kadi, na hatari inaweza kuonekana nyuma ya siku au wiki. Kwa kuosha pikipiki pia, usielekeze bomba la maji kwenye sanduku la batri.

4. Kuiacha tupu

Wengine wanatumia batri mpaka izime, kisha wanaiacha hivyo wiki mingi juu ya kukosa umeme. Seli ikishuka sana, shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo inaweza kutengeneza njia ya kugusanisha umeme ndani. Ukisafiri, iache ikiwa karibu na nusu, fasi yenye ubaridi, na uipime kila mwezi. Batri iliyokufa kabisa isifufuliwe kwa kuipa umeme moja kwa moja na nyaya.

5. Fundi

Fundi wa simu mwenye akili anaweza kujaribu kufungua batri ya pikipiki, lakini nguvu iliyomo ni ya namna nyingine. Batri ya volti 48 na ampea 20 kwa saa inabeba karibu wati 960 kwa saa, mara makumi kuliko simu. Kata kazi hizi tatu: kuchanganya seli za kompyuta ya zamani na seli mpya, kuchomelea seli kwa risasi ya moto, na kurukisha kadi ya ulinzi ili pikipiki «ipate nguvu».

Dalili za kuangalia

Batri imevimba au sanduku limepasuka. Inapata moto hata ikiwa imelala. Inatoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Inapiga mluzi au kutoa moshi. Ilikuwa inafika mbali na sasa inakata ghafula. Ukiona mojawapo, acha kuichaji na kuitumia, na itoe nje mbali na nyumba. Ikiwa tayari inatoa moshi au inapiga mluzi, usiiguse.

Ikiwaka

Toa watu kwanza na ufunge mlango nyuma yako. Moshi wake una sumu, usiingie kuokoa pikipiki. Kata umeme wa nyumba kama unaweza kuufikia bila hatari. Kinachopoza seli ni maji mengi, yanayomwagwa kutoka mbali na kwa muda mrefu. Ndoo moja haitoshi. Hata moto ukizimika, batri inaweza kuwaka tena nyuma ya masaa au siku, kwa hiyo isirudishwe ndani.

Kusafirisha

Tangu Aprili 1, 2016 sheria za usafiri wa anga za kimataifa zinakataza batri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo kwenye ndege za abiria. Kwenye boti za ziwa hatari ni ileile, na maboti mengi yanabeba abiria na mapipa ya mafuta pamoja. Anayeleta batri kutoka Kigoma, Uvira au Moba afunike vichwa vyake kwa utepe wa plastiki, aiweke kavu na mbali na mafuta, asiilaze chini ya magunia, na amwambie nahodha kwamba iko ndani.