Kutunga kwa Maandishi katika Nchi ya Karagwe

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika katika baraza ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke aliandika baadaye kwamba mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Lugha hiyo ilikuwa imekwisha kufika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo chao Kafuro. Lakini mjini kwa mfalme ilikuwa lugha ya kusemwa. Habari za mkutano ule zilizosomwa ulimwenguni zilitoka katika kalamu ya mgeni.

Si kwamba wenyeji walikosa taratibu ya kupanga habari. Masimulizi yao yalifuata enzi za watawala, tangu Ruhinda hata Ndagara na mwanawe Rumanyika, na kila tukio lilitundikwa katika enzi yake. Lililowakabili wanafunzi wa baadaye ni kuihamisha taratibu hiyo katika karatasi na katika lugha nyingine.

Hapo ndipo penye ugumu. Katika Kinyambo, lugha ya nyumbani ya Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, kitenzi chenyewe hutenga jambo lililopita leo, la jana, na la zamani. Kiswahili hutumia -li- kwa yote matatu. Mwanafunzi akiandika “mzee alikuja, alisema, aliondoka”, moyoni mwake siku zimepangika. Msomaji haoni siku hata moja. Kosa hilo si la akili wala la sarufi. Mwalimu anayelisahihisha kwa wino mwekundu tu hamsaidii. Yafaa amwulize, mswada ungali wa kwanza, jambo lipi lilitangulia na lilitukia lini. Ndipo “jana”, “zamani” na -ka- ya kufuatanisha zitakapopata mahali pake.

Kati ya 1968 na 1972 Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, uliingia katika mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu, na kilimo cha ndizi kilikuwa miongoni mwake. Msingi huo ulikuwa mwema hata kwa utungaji, kwani kazi ya mgomba ina mpango wake: kuchimba shimo, kupanda, kutandaza majani, kupunguza machipukizi, kukata mkungu. Anayeijua kazi hiyo anayo tayari mifupa ya insha.

Historia ya Karagwe imekwisha kuandikwa kwa Kiingereza, na Ford na Hall mwaka 1947, kisha na Katoke mwaka 1975. Nchi yenyewe iligawanywa mwaka 2012, Kyerwa ikawa wilaya ya pekee. Wazee wenye masimulizi hupungua, na wajukuu wao husoma na kuandika Kiswahili shuleni. Mjukuu asiyefundishwa kupanga aliyoyasikia atabaki msomaji wa habari za kwao zilizotungwa na wengine.