Usafiri kati ya Mazimbu na katikati ya Morogoro

Mazimbu ni kata ya Manispaa ya Morogoro, nchini Tanzania. Iko upande wa magharibi wa mji, karibu na mto Ngerengere.

Eneo hilo lilikuwa shamba la mkonge hadi mwaka 1977, serikali ya Tanzania ilipolitoa kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Pamoja na madarasa vilijengwa nyumba, hospitali, shule ya msingi, kituo cha watoto wadogo na karakana ya samani. Hivyo mkazi wa Mazimbu aliweza kumaliza shughuli nyingi za siku kwa miguu, bila kufika mjini. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Kampasi kuu ya chuo iko upande mwingine wa mji, chini ya milima ya Uluguru. Anayetoka kampasi moja kwenda nyingine hana budi kuvuka mji.

== Katikati ya mji ==
Kivutio kikubwa cha watu ni soko kuu, linaloitwa Soko la Chifu Kingalu, lililozinduliwa mwaka 2021. Wakulima wa Uluguru hushusha ndizi, mboga na matunda, wengine wakiwa na mizigo kichwani, wengine kwa pikipiki. Mitaa ya jirani hutumiwa kwa wakati mmoja na wanunuzi, mikokoteni, daladala, bajaji na magari yanayotafuta maegesho. Gari likiegeshwa pembezoni, na bidhaa zikipangwa mbele ya duka, mwenda kwa miguu hubaki kutembea barabarani. Tatizo hilo halitokani na wingi wa magari pekee. Nafasi ya kutembea ndiyo inayochukuliwa kwanza.

Barabara za mitaa husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS.

== Msamvu ==
Mabasi ya mikoani hayaingii katikati ya mji, bali husimama Msamvu, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Iringa na Dodoma. Utaratibu huu umeuondolea mji mabasi makubwa, lakini kila abiria anayeshuka huhitaji daladala, bajaji au bodaboda ili afike aendako. Kwa hiyo msongamano umehamia Msamvu, mahali ambapo malori ya safari ndefu nayo hupita.

Hatari ya mchanganyiko huo ilionekana tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, kisha moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100, wakiwemo madereva wa bodaboda. Taifa liliomboleza kwa siku tatu.

Kisheria mwendo wa gari katika maeneo ya makazi hautakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na dereva anapaswa kumpisha aliye kwenye kivuko cha pundamilia. Kivuko kilichofutika rangi hakimsaidii mtu, hasa jioni wanafunzi wanaporudi nyumbani.