Nyumba Zilizojengwa na Wenyewe: Kutoka Wanale hadi Masese



Anayesimama katikati ya mji wa Mbale na kuinua macho upande wa mashariki huona ukuta mrefu wa mawe na misitu. Huo ndio mgongo wa Wanale, bega la Mlima Elgon, ambao Wamasaba wenyewe huuita Masaba. Mvua inaponyesha, maji huteremka kutoka juu yake kama nyuzi nyeupe, na asubuhi ukungu huufunika kiasi kwamba mgeni hawezi kujua kama kuna watu wanaoishi huko. Watu wapo, na wamekuwapo kwa vizazi vingi. Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba zao na za ndugu zao wa mijini, hasa juu ya swali moja: nani aliyezijenga?

Katika miteremko hiyo, kama ilivyokuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nyumba ya zamani haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye haja ya nyumba aliwaalika jamaa na majirani. Vijana walikata miti na fito, wakachimba mashimo na kusimamisha nguzo. Wanawake waliteka maji na kukanda udongo. Kisha wote wakasaidiana kukandika kiambaza, yaani kuujaza udongo ule katikati ya fito mpaka ukuta ukasimama. Waliojua kuezeka walipanda juu na nyasi. Jioni chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kiliwekwa katikati, na wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Hapakuwa na mshahara. Palikuwa na deni la heshima, kwani aliyesaidiwa leo alijua kwamba kesho ataitwa kwa jirani, naye hakuthubutu kukosa.

Utaratibu huo Waswahili huuita ujima: watu kufanya kazi kwa pamoja, kwa zamu, kila mmoja akinufaika siku yake inapofika. Huko Upareni na Usambaani, Tanzania, kuna neno msaragambo lenye maana iliyo karibu na hiyo. Nchini Kenya neno harambee lilikuja kubeba maana hiyo hiyo kwa taifa zima baada ya uhuru wa 1963.

Siku moja, tulipokuwa tukisoma habari za ujima darasani, mwanafunzi wangu aliinua mkono akasema: "Mwalimu, ikiwa babu zetu walijenga pamoja bila fedha, mbona wazazi wetu hapa mjini hupanga chumba kimoja mpaka wanazeeka?" Sikuwa na jibu la haraka. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kazi ya hiari na kazi ya shuruti

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba desturi ya kujitolea inaweza kuharibiwa. Katika Buganda palikuwa na bulungi bwansi, kazi ya manufaa ya nchi, ambayo watu waliifanya kwa kutengeneza njia na visima vyao. Wakati wa ukoloni kukawa na luwalo: mwanamume alitakiwa kutoa kama mwezi mmoja wa kazi kila mwaka bila malipo, au alipe fedha badala yake. Jembe lilikuwa lile lile na barabara ilikuwa ile ile, lakini aliyeamua ni mwingine. Mtu aliyepigiwa ngoma ya kazi alianza kujiuliza kama anaitwa na jirani au anasukumwa na mtawala. Tofauti kati ya hiari na shuruti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa moyo, na kila anayetaka kuwaita watu kujenga pamoja lazima aijue.

Walukuba: nyumba zisizo na wenyewe

Sasa tuteremke mpaka Jinja, mahali ambapo Mto Nile unaliaga Ziwa Viktoria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji huu ulibadilika upesi. Bwawa la Owen Falls lilijengwa na kufunguliwa mwaka 1954. Umeme ulileta viwanda, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Nyanza, na viwanda vikavuta watu kutoka Busoga, kutoka mashariki yote ya Uganda, na hata kutoka Kenya. Lugha zao zilikuwa nyingi, kwa hiyo Kiswahili kilipata kazi ya kuwakutanisha kiwandani na mitaani. Ukitaka kujua kwa nini Kiswahili hakikuwahi kuwa kigeni kabisa upande huu wa Uganda, anza na historia ya wafanyakazi hao.

Walilala wapi? Serikali ya kikoloni ilijenga mtaa wa Walukuba: safu za nyumba ndogo za kudumu, zenye njia na maji, zilizopangishwa kwa wafanyakazi. Kwa wakati wake yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini tazama namna yalivyopangwa. Mfanyakazi hakuulizwa anataka nyumba ya namna gani, hakutia mkono katika ujenzi wa nyumba yake kama mwenye nyumba, wala hakutazamiwa kuimiliki. Mipango mingi ya nyumba za Waafrika katika miji ya wakati huo ilidhani kwamba Mwafrika ni mgeni wa mji: atafanya kazi, kisha atarudi kwao kijijini. Nyumba yake ya kweli ilidhaniwa kuwa ile ya fito na udongo aliyoiacha mlimani.

Dhana hiyo ilikuwa na matokeo. Watu walizidi kuja, nyumba za kupanga hazikutosha, na pembezoni mwa mtaa uliopangwa ikaota mitaa isiyopangwa. Mmoja wao ni Masese, karibu na ziwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Jinja vilidhoofika. Mishahara ilipokauka, waliobeba mzigo wa kulisha familia mara nyingi walikuwa wanawake, kwa kupika pombe na kufanya biashara ndogo ndogo.

Masese: wanawake washika mwiko

Hapa ndipo historia yetu inapopata mashujaa wake. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1987 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi, na serikali nyingi zilitakiwa kuonyesha mifano ya namna maskini wanavyoweza kupata nyumba. Wanawake wa Masese walikuwa wamekwisha kujikusanya katika chama chao cha kujisaidia. Mwaka 1989 mradi wa kujenga nyumba ulianza huko kwa msaada wa Denmark, kupitia shirika lake la misaada DANIDA, kwa kushirikiana na serikali ya Uganda na baraza la mji wa Jinja.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Ardhi ilipimwa na kugawanywa viwanja, na familia zikapata haki inayotambuliwa na sheria ya kukaa pale. Wanawake walifundishwa uashi, useremala na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Walijifunza kufyatua matofali, kupima ukuta kwa timazi ili usiegemee upande, na kutumia pima maji ili mstari wa matofali usipande wala kushuka. Vifaa walivipata kwa mkopo, na mkopo ulirejeshwa kidogo kidogo. Kazi ya mikono ilitoka kwao wenyewe.

Fikirini, wanafunzi wangu, jambo hilo lilimaanisha nini. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwanamke alikuwa akiishi katika nyumba ya baba, kisha ya mume, kisha ya mwana. Kumwona amesimama juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi, akijenga nyumba itakayoandikwa kwa jina lake, kulikuwa ni kugeuza ukurasa. Ujima wa mlimani ulimtaka mwanamke akande udongo. Masese ilimpa udongo, saruji na hati.

Hata hivyo mwalimu wa historia hapaswi kuwasimulia wanafunzi wake hadithi tamu tupu. Kurejesha mikopo kulikuwa kugumu kwa watu ambao kipato chao kilitegemea mauzo ya siku. Siku aliyotumia mwanamke kujenga ni siku ambayo hakuuza kitu sokoni, na watoto walitaka kula jioni ile ile. Tena nyumba ikiisha kuwa nzuri, wenye fedha huitamani, na mwenye njaa hushawishika kuiuza au kuipangisha na kurudi katika kibanda. Jasho la maskini lina thamani, lakini halina mwisho wa bure.

Mbale nayo ilipata mradi wa jamaa hiyo katika mtaa wa Malukhu miaka ya 1990: watu wa kipato kidogo wakipewa viwanja vilivyopimwa ili wajenge kwa hatua. Wakati huo mawazo ya serikali yenyewe yalikuwa yakibadilika. Mkakati wa Taifa wa Makazi wa mwaka 1992 ulikubali kwamba kazi ya serikali ni kuwawezesha watu wajenge, badala ya kuwajengea kila kitu.

Haba na haba

Kuna njia nyingine ambazo wazo hili limepitia. Shirika la Habitat for Humanity, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller baada ya kufanya kazi ya ujenzi huko Zaire, yaani Kongo ya leo, lilifika Uganda mwaka 1982. Katika utaratibu wake familia hujenga pamoja na wanaojitolea, kisha hulipa gharama kidogo kidogo, na malipo hayo huisaidia familia nyingine kuanza. Jirani anayesaidiwa humsaidia asiyemjua. Ni ujima uliopanuka kupita kijiji.

Njia ya pili ilianza na akiba. Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda Uganda lilianza mwaka 2002 na kuenea katika miji mingi, Jinja na Mbale zikiwemo. Wanachama, wengi wao wanawake, huweka akiba ya fedha kidogo katika vikundi vyao. Pia huhesabu wenyewe kaya, vyoo na mabomba ya mtaa wao, ili wanapokwenda mbele ya baraza la mji wawe na takwimu mkononi. Huko Jinja walianzisha karakana ya vifaa vya ujenzi Walukuba, na nyumba za gharama nafuu zikajengwa Kawama. Mtaa ule ule ambao zamani ulijengwa bila kuwauliza wakazi ukawa mahali ambapo wakazi wanafyatua vifaa vya nyumba zao.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyosema. Lakini kibaba hakijai ikiwa bei ya ardhi inapanda upesi kuliko akiba.

Turudi Wanale

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu na swali lake. Babu zake walijenga pamoja bila fedha kwa sababu walikuwa na mambo matatu: mikono ya majirani, vifaa visivyonunuliwa, na ardhi isiyobishaniwa. Mjini mikono ingalipo. Vifaa vimekuwa vya dukani, yaani saruji, mabati na nondo, ingawa Masese na Walukuba zimeonyesha kwamba sehemu yake inaweza kutengenezwa na watu wenyewe. Kilichopotea zaidi ni ardhi. Mahali ambapo mji ulipima viwanja na kutambua haki za watu, maskini walijenga. Pasipo na haki hiyo, mtu husita kujenga ukuta wa kudumu, maana haogopi mvua peke yake, anaogopa pia kubomolewa.

Na huko mlimani kwenyewe mambo si kama zamani. Mwezi Machi 2010 udongo uliporomoka Bududa na kuwafunika watu wengi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu wakafa na nyumba zikabebwa. Misiba hiyo inatufundisha kwamba majirani wanaweza kusimamisha nyumba kwa siku chache, lakini hawawezi peke yao kuamua mto upitie wapi wala ni mteremko gani usikaliwe. Hiyo ni kazi ya mji na serikali: kupima, kuonya, kutoa mahali salama pa kuhamia. Mtawala anayewasifu wananchi kwa kujitolea huku akiwaacha wajenge bondeni amekwepa wajibu wake. Naye mwananchi anayengoja serikali imkandikie hata kiambaza amesahau nguvu ya mikono yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu una pande mbili.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, wazazi wako hawakuwa wavivu kuliko babu zako. Waliingia katika mji uliowahesabu kuwa wapita njia. Wanawake wa Masese walikataa kuhesabiwa hivyo, wakashika mwiko. Ukipita Jinja siku moja, usitazame chanzo cha Nile peke yake.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya ujima na luwalo. Je, kazi ya usafi wa mtaa unayoijua wewe iko upande gani?

2. Muulize mzee mmoja wa familia yako: nyumba ya wazazi wake ilijengwa na nani, na kwa siku ngapi? Andika majibu yake katika aya mbili.

3. Tunga sentensi moja kwa kila neno: fito, kiambaza, kukandika, kuezeka, timazi, mwiko, msingi.

4. "Jasho bila ardhi halijengi nyumba." Kubali au kataa kauli hii kwa mifano ya mahali unapoishi.