Ramani ya Burkitt na Swali la Damu ya Ukoo

Mtaani kwetu Juba, mtoto akivimba taya, wazee huuliza kwanza: ugonjwa huu umetoka ukoo gani? Mtoto wa baba yangu mdogo alipougua, lawama zilimwangukia mama yake, na wazee wakataka ng'ombe wa mahari warudishwe. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia ya ugonjwa huo, iliyoanzia kwa jirani zetu Uganda, ilikwisha kulijibu swali hilo.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Aliandika habari za uvimbe huo mwaka 1958, lakini hakutosheka. Mwaka 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Williams alikuwa daktari wa Kuluva, karibu na Arua, mji ambao wengi wetu tuliupitia wakati wa ukimbizi.

Ramani waliyoichora haikufuata koo. Ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaonekana kwamba inalingana na maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakichunguza huko London seli za uvimbe kutoka Uganda, waliona virusi ndani yake. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba katika seli nyeupe ya damu vipande vya kromosomu hubadilishana nafasi, jeni ya MYC hukosa wa kuizuia, na seli huzaana ovyo. Badiliko hilo mtoto harithi; hulipata maishani.

Hii haina maana kwamba hakuna saratani ya kurithi. Mwaka 1971 Alfred Knudson alieleza saratani ya jicho la watoto: jeni ya kinga huja kwa jozi, na mtoto mwingine huzaliwa moja ikiwa imekwisha kuharibika. Lakini jeni hiyo mbovu yaweza kutoka kwa baba vilevile.

Kwa kuhitimisha, historia hii haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumlaumu mama. Mtoto wetu alipata dawa, akapona. Mama yake bado hajaombwa radhi.