Pepo Aliyeomba Halua: Historia ya Ngoma za Tiba Pwani

Mwaka 1936 jarida moja la wanaanthropolojia mjini London lilichapa makala iliyobeba kichwa cha Kiswahili: "Ngoma ya Sheitani". Aliyeiandika ni Hans Koritschoner, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Tanganyika, ambaye baadaye alibadili jina akaitwa Hans Cory na kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Waingereza. Chini ya kichwa hicho aliongeza maelezo yaliyokuwa mageni masikioni mwa wakubwa wa kikoloni: kwamba ngoma hii ni tiba ya wenyeji kwa maradhi ya nafsi. Miaka minane baadaye, mwaka 1944, chuo cha Michigan State huko Marekani kilianza kutoa shahada ya kutibu kwa muziki, na dunia ikaipokea fani hiyo kana kwamba imezaliwa siku ile.

Kwa watu wa Mrima, Unguja na Mombasa, Cory hakuwa amegundua kitu. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, tayari alikuwa amemworodhesha dungumaro: ni pepo, na pia ni ngoma inayofaa kumtoa pepo huyo. Jina moja kwa ugonjwa na kwa dawa yake.

Shahidi mzuri zaidi ni mwenyeji mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna habari za ngoma za kujifurahisha na mna habari za pepo na jinsi wanavyopungwa, na anayesoma zote mbili anaona kwamba ni watu walewale na mji uleule. Mtoro haandiki kwa hofu wala kwa kejeli. Anaeleza kama anayeeleza harusi.

Na kwa kweli pungwa, yaani ngoma ya kupunga pepo, ilifanana na harusi kuliko ilivyofanana na hospitali. Kwanza zilipita siku za kumfukiza mgonjwa kwa mafusho na kumchemshia majani. Kisha watu wanaalikwa. Mgonjwa anakalishwa kilingeni, amefunikwa nguo, chetezo cha ubani kinafuka mbele yake. Fundi, yaani mganga wa pepo, hajui bado ni pepo gani, kwa hiyo wapigaji wanajaribu mapigo: huyu hataki hili, basi badilisha, leta la wale wa bara, leta la Kihabeshi, leta la rohani. Waimbaji hawaachi, na macho yote yako kwenye bega la mgonjwa. Likianza kutikisika, vigelegele vinapasuka, kwa maana pigo limemkuta mwenyewe.

Hapo ndipo mchezo unapokolea. Pepo akishapanda kichwani anaulizwa jina, anaulizwa ametoka wapi, anaulizwa anataka nini. Naye ana makuu. Rohani, ambaye ni Mwarabu na mstaarabu, anataka nguo nyeupe, maji ya waridi, pete ya fedha, chano chenye tende na halua. Kibuki, aliyevuka bahari kutoka Bukini, yaani Madagascar, ni mfalme Mkristo asiyeona haya kuagiza brandi na asali katika mji wa Waislamu. Wazee wanamsihi apunguze. Pepo anakataa, anatukana kidogo, anatania wanawake waliokaa mbele, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mume wa mgonjwa, ambaye kwa miezi mingi hakusikia ombi la mkewe hata la kanga moja, sasa anafungua mfuko mbele ya mtaa mzima, maana anayeomba si mkewe.

Mwanaanthropolojia I. M. Lewis aliligeuza jambo hili kuwa nadharia katika kitabu chake cha mwaka 1971: pepo ni silaha ya wanyonge, hasa wanawake, ya kudai bila kuonekana wanadai. Ni nadharia tamu na inaeleza mengi. Linda Giles, aliyefanya utafiti kwenye pwani yetu, aliipinga mwaka 1987. Aliwakuta kwenye vilinge watu wenye heshima zao na uwezo wao, si wanyonge peke yao. Mimi namwunga mkono Giles. Shida ya kumwona kila mteja wa pepo kuwa mjanja anayetafuta kanga ni kwamba unasahau raha. Watu walikwenda pungwani kwa sababu ngoma ilikuwa nzuri, waimbaji hodari na chakula kipo. Raha hiyo ilikuwa sehemu ya dawa: aliyekaa miezi amejifungia chumbani, hali, hasemi na mtu, anajikuta katikati ya watu mia wanaomwimbia yeye.

Kitu kingine kinachopuuzwa ni yaliyofuata. Aliyepungwa hakurudi kwake tu kama atokaye zahanati na vidonge. Alikuwa mteja wa fundi na mwanachama wa kilinge, na ngoma ya mgonjwa mwingine ikipigwa alitakiwa kuhudhuria, kuitikia na kupiga makofi. Wagonjwa wa jana ndio waliokuwa kwaya ya leo. Kwa Wadigo na Wagiriama wa Kenya hadi leo shughuli ya namna hii inaitwa kayamba, kwa jina la chombo chenyewe, ile fremu bapa ya matete iliyojazwa mbegu na kutikiswa kwa mikono miwili.

Mchanganyiko huu wa tiba na mchezo haukuishia pwani. Mwaka 1946 Cory aliandika juu ya Wayeye wa Usukuma, chama cha wacheza na nyoka. Mbele ya umati walicheza na chatu shingoni. Nyuma ya uwanja walikuwa ndio wenye dawa za kuumwa na nyoka. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kati ya vyama vya Bagika na Bagalu, chimbuko lake linatajwa kuwa ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa yenye nguvu. Hakimu alikuwa umati: uwanja uliojaa zaidi ndio ulioshinda. Mashindano hayo bado yanachezwa katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, kila Juni baada ya mavuno.

Upinzani ulikuwapo tangu zamani. Masheikh wengi waliita pungwa bidaa, wamisionari waliita ibada ya shetani, na maofisa wa kikoloni walilalamikia kelele za usiku na fedha zinazoliwa. Lawama ya fedha ilikuwa na ukweli: zipo familia zilizouza mbuzi wa mwisho. Na wapo waliochezewa ngoma ilhali wana malaria au kifafa, ambao pigo la dungumaro lisingewafaa kitu. Lakini waliopiga marufuku hawakuleta badala. Waliondoa ngoma, wakaacha huzuni palepale.

Kwa hiyo sishangai kwamba penye jeraha kubwa kuliko yote katika ukanda wetu, watu walirudi kwenye ngoma. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari, mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha Rwanda kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Ngoma kubwa za Rwanda zilikuwa za wanaume, mwanamke hakuruhusiwa kuzipiga. Kundi hilo likawakusanya yatima, wajane na wake wa wafungwa, waliotoka pande zote mbili za msiba, wakajifunza kupiga kwa pigo moja. Hakuna pepo aliyeitwa na hakuna aliyefukizwa, lakini fundi yeyote wa zamani wa pwani angeitambua kazi ile.

Nyaraka za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wauguzi na madaktari wetu wa afya ya akili wangefaidika kuzisoma. Kuwahoji wateja wenyewe ni jambo la haraka zaidi, kwa sababu wengi sasa ni vikongwe. Kama bibi yako aliwahi kukaa kilingeni, mwulize ni ngoma zipi alipigiwa, nani alikuwa fundi na nani aliitikia, kisha uyaandike majibu yake.